Mkanda Ulioniagiza Niuchome

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na wale watoto wawili ambao nasikia sasa wananipita kimo. Natumaini mgongo uliokusumbua wakati wa kuhama umepoa, na kwamba nyumba mpya, ingawa ni ndogo kama ulivyoandika, imewapokea vizuri. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kikohozi changu kimeniachia, paa la chumba cha kushonea halivuji tena, na cherehani zote sita ni nzima isipokuwa ile ya dirishani, ambayo unajua hufanya kazi siku inayopenda. Bi Vifungo anakusalimu. Fundi mkataji naye anakusalimu, na kitambi kimemkolea kiasi kwamba akiinamia meza hahitaji tena uzito wa kushikilia kitambaa.

Najua utashtuka kupata barua nene kutoka kwangu, mtu wa mistari mitatu na kwaheri. Lakini nimepatwa na jambo, kaka, na hata sasa ninapoandika sijakaa sawa. Siku ya nne leo nashika mkasi nasahau nilitaka kukata nini. Juzi nimemshonea mteja blauzi yenye mikono miwili ya kulia, mimi niliyeanza kushika sindano kabla ya kujua kusoma. Mteja mwenyewe alidhani ni fasheni, akashukuru akaenda zake.

Nianze na ulichoniagiza. Lile boksi lilifika salama, na kaseti arobaini na moja za albamu ya bendi yenu, na chini kabisa ule mkanda mkubwa wa studio ndani ya kopo lake. Uliniambia kaseti niwagawie watu warekodie wanachotaka, na mkanda mkubwa, ambao ndio wenyewe na hauna mwenziwe duniani, niuchome pamoja na mabaki ya vitambaa kabla mwezi haujaisha. Uliandika kwamba umechoka kuubeba nyumba hadi nyumba, na kwamba hutaki siku moja wanao wauweke mahali wakucheke. Mwezi umebakiza siku tano na mkanda bado sijauchoma. Nakuomba usome sababu mpaka mwisho ndipo ukasirike, maana huko mwishoni kuna la kukukasirisha zaidi ya hili.

Kusema kweli siku ile ile mkanda ulipofika nilikuwa tayari kuutia kiberiti. Kilichonizuia ni pipa la takataka kujaa maji ya mvua, basi. Wewe unanijua sinaga huruma na vitu vilivyolala. Kisha ikaja kazi ya shule, sketi za marinda mia moja na ishirini, na wiki hiyo hiyo redio yetu ikafa upande wa redio ikabaki nzima upande wa kaseti. Kaseti yetu tulikuwa nayo moja tu, na siku ya pili mashine ikaitafuna.

Unaikumbuka sheria ya mama kwamba chumba cha kushonea hakikai kimya. Alisema miguu sita ikikanyaga kila mmoja kwa mwendo wake, vichwa vitauma na kazi haitalingana; weka muziki unaokwenda sawasawa, miguu itapatana yenyewe. Basi nikakumbuka boksi lako. Nakiri niliiweka kaseti yako kwa uchokozi. Niliwaambia wanawake wasikilize jinsi kaka yangu alivyopoteza ujana wake, halafu nikabonyeza.

Sitakuficha yaliyosemwa. Ile saksafoni ya mwanzo, inayokohoa kama mtu aliyepaliwa na maji, iliwafanya wacheke mpaka mmoja akatoka nje. Gitaa na kinanda vilipoanza kugombana, fundi mkataji akauliza kama hao wapigaji walikuwa wanaonana au kila mmoja alirekodiwa nyumbani kwake. Bi Vifungo alichukua pamba akaziba masikio akaendelea na vifungo vyake. Mimi nilijisikia vizuri sana, kaka, kwa sababu kila kicheko kilikuwa kinanipa haki. Tuliiacha ikapiga pande zote mbili, mara mbili, huku tunashona mapindo.

Siku mbili baadaye mwalimu mkuu alizirudisha sketi thelathini na nne. Alizitandika moja moja juu ya meza bila kupaza sauti, akaniomba niangalie mapindo. Yalikuwa yanapanda na kushuka kama njia ya mchwa. Na si sketi moja, zote, za washonaji wote, zimepinda kwa namna moja. Mguu unafuata sikio, unajua mwenyewe. Muziki wako ulikuwa unaenda, unasita, unakimbia, na miguu ikaufuata bila kutuuliza, na mikono ikabaki inahangaika nyuma yake. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita sijawahi kurudishiwa pindo. Nilitaka ardhi ipasuke niingie.

Ikabidi tufumue. Kufumua hakuhitaji mguu, ni mikono na wembe tu, kwa hiyo hapakuwa na hatari tena, na kimya kilikuwa kinatutia simanzi. Nikairudisha kaseti ile ile, safari hii kwa hasira, nataka kujua imenifanya nini. Hapo ndipo nilipoanza kuisikiliza. Kabla ya hapo nilikuwa naisikia tu.

Mara ya tatu sikuambulia kitu ila maumivu ya kichwa. Mara ya nne nikaona kwamba pale gitaa linapokwama, ule upande wa kwanza, pale nilipodhani mpigaji amekosea mkamwonea haya kumwambia arudie, lilikwama tena. Mara ya tano nikangoja, likakwama pale pale. Sasa mimi ni fundi nguo, kaka. Mshono ukipinda sketi moja, nasema aliyeshona alikuwa anasinzia. Ukipinda mahali pamoja sketi zote, nauliza nani alichora hivyo na alitaka nini. Nikawaambia wenzangu huyu hakukosea, huyu alikusudia. Wakaniangalia kama nimeanza kuugua.

Nikachukua chaki ya kukatia nikawa naweka alama ukutani kila inapopigwa. Kufika alama ya tisa nilikuwa najua kinachokuja kabla hakijaja, na kilipokuja nilifurahi, jambo lililonitisha. Kufika ya kumi na mbili mshonaji wa dirishani alikuwa anaimba ile sauti ya mwanamke isiyo na maneno, inayotokea mara moja tu kisha hairudi tena, na akalalamika kwa nini hairudi. Niligundua kwamba kinanda na gitaa havigombani. Kimoja kinauliza, kingine kinajibu swali la nyuma, vinapishana hivyo muda wote mpaka karibu na mwisho, vinapokutana kwa pumzi moja tu na kuachana. Mara ya kwanza nilipokisikia kile kipande wembe ulinikata kidole. Na alama ya kumi na tano nilimfokea fundi mkataji kwa sababu alizungumza juu yake. Mimi nimfokee mtu kwa ajili ya muziki wako. Alinijibu kwa upole kwamba alikuwa anahesabu kwa sauti, na kwamba mwendo ule una mapigo kumi na moja. Nikamwambia ni saba, nne kisha tatu. Tukabishana mpaka chai ikapoa, watu wazima wawili, tukipiga meza kwa rula.

Sasa ukifika hapa uketi, kama umesimama.

Bi Vifungo alikuwa bado na pamba yake masikioni. Siku ile ya mabishano, alhamisi iliyopita, aliitoa ili ajue tunagombania nini. Cherehani zote zilikuwa kimya, kaseti ikawa upande wa pili, pale vyombo vingine vinapoacha na kubaki gitaa la besi na dramu peke yao kwa muda mrefu. Pale pahali, nikuambie ukweli, hata baada ya alama kumi na tano nilikuwa bado napaona kama pahali pa kusubiri. Bi Vifungo akaweka kopo la vifungo chini. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mimi nikadhani moyo umemshika, nikamwuliza kama anataka maji.

Aliinuka akaenda pembeni kwenye cherehani ya mama, ambayo tangu msiba wake hatujaigusa, akaivua shuka, akaketi. Miaka thelathini na moja alikaa ubavuni mwa mama akishona vifungo kwenye nguo zilizotoka mikononi mwake zikiwa bado na joto la pasi. Akaweka mguu wa kushoto kwenye ukanyagio akasukuma mara nne, nzito, kisha akaubadilisha akaweka wa kulia akasukuma mara tatu, nyepesi na haraka. Nne na tatu. Nne na tatu. Na ile cherehani ikaanza kupiga kelele zake za zamani, ule mgongano wa chuma uliotuamsha kila asubuhi tukiwa watoto, na ikaingia ndani ya muziki wako ikapotea, kwa sababu ilikuwa imo tayari.

Bi Vifungo akasema, bila kugeuka, kwamba huo ni mguu wa mama yetu.

Nilisimama na rula mkononi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilijua mguu wa kulia wa mama haukuwa na nguvu tangu utotoni mwake, nani asiyejua. Nilijua anabadilisha miguu ili ule mgonjwa usilale na ule mzima usichoke. Lakini sikuwahi kusikia kwamba ulikuwa na mwendo wake. Bi Vifungo akatueleza kwamba mama alituwekea muziki wa sawasawa sisi, yeye mwenyewe hakuufuata hata siku moja, na mapindo yake ndiyo yaliyokuwa yamenyooka kuliko yote chumbani. Akasema wewe ulilelewa ndani ya kapu la mabaki chini ya meza ile, sikio lako kwenye sakafu, kwa hiyo hashangai. Alichosema ni kweli, ila na mimi nililelewa kwenye kapu hilo hilo.

Tangu siku hiyo tunashona nayo. Nimewafundisha wenzangu nne na tatu, na mapindo hayapindi tena, sijui kwa nini, sina elimu ya kulieleza. Sketi zote zimekwenda na mwalimu mkuu amezipokea. Alama ukutani zimefika thelathini. Ile albamu niliyoiita takataka nimeishika moyoni mwangu mwote, na bado kila siku inanionyesha mahali pengine ambapo nilikuwa kiziwi. Kila nikiisikiliza nashtuka upya. Nashtuka kwamba ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ulijua yote haya, na hukutuambia. Nadhani ulifikiri tutasikia.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningelikwepa kama ningekuwa na njia.

Unakumbuka ule usiku mmoja tu ambao redio iliipiga albamu yenu, na juma lililofuata yule mtangazaji mwenye sauti laini akasoma barua ya msikilizaji. Ile iliyosema vijana watano wameteleza ngazini na sufuria za mama zao, na badala ya kwenda hospitali wakaenda studio. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa hewani. Redio haikuipiga tena, mpiga dramu akajitoa mwezi ule ule, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeuza gitaa na kuingia kwenye lile ghala la rangi ulipo mpaka leo. Wewe mwenyewe uliniambia, siku tulipokaa baada ya maziko, kwamba unaijua barua ile kwa moyo. Ukasema aliyeiandika lazima alikuwa mtu anayejua muziki sana, maana alikuchoma mahali penyewe, na ndiyo maana ulimwamini.

Niliiandika mimi.

Niliiandika juu ya meza ya kukatia, nyuma ya karatasi ya patani ya gauni, na nikamlipa mtoto wa jirani aninakilie kwa mwandiko wake. Sikujua muziki hata kidogo. Nilikuwa nimesikiliza dakika nne. Nilijua pa kukuchoma kwa sababu mimi ni dada yako, tumekula sahani moja. Na nilikuwa na hasira. Uliondoka na gitaa lako mgongoni ukaniachia cherehani sita na mama anayechechemea, na kila mgeni akija mama alisimulia habari zako, na mimi nimekaa pale pale nashona. Nilitaka usikie aibu kidogo tu urudi nyumbani. Hukurudi. Ulinyamaza tu, kaka, na mimi nikakuangalia unanyamaza miaka yote hii, nikakuandikia salamu za mistari mitatu.

Ningependa kusema ni hilo tu. Lakini nimeanza, acha nimalize.

Wiki ya mwisho ya mama, kabla hajapoteza sauti, aliniomba nimwekee kaseti yako. Alikuwa nayo chini ya mto, sijui aliitoa wapi. Nilimwambia redio kaseti imeharibika. Haikuwa imeharibika, ilikuwa mezani, nzima, na waya wake umechomekwa. Niliona uchungu kwamba mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani na bado anakutaka wewe. Alinitazama kidogo akasema basi si kitu. Halafu mguu wake ukaanza kwenda chini ya shuka. Wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Ulikwenda hivyo mchana kutwa. Nilidhani ni ugonjwa umepanda. Nikamwita nesi nikamwambia mguu wa mgonjwa unashtuka ovyo, na nesi, Mungu ambariki, hakuwa na kosa, akampa sindano ya kuutuliza, ukatulia.

Alhamisi, Bi Vifungo alipokanyaga ile cherehani, ndipo nilipojua ni nini nilichokizima. Hiyo ndiyo sababu mikono yangu haishiki kazi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, na fundi mkataji anadhani nalia kwa sababu ya kidole.

Kwa hiyo mkanda sitauchoma. Nimeufungia kwenye kabati la vitambaa, na ufunguo nimeutia ndani ya bahasha hii, usiuangushe. Ni mali yako. Ukitaka kuuchoma njoo uuchome mwenyewe, nitakushikia kiberiti wala sitafungua mdomo. Ukitaka kunipiga makofi njoo pia, nimekwisha kuyastahili. Kaseti sikumgawia mtu hata moja. Nakusihi tu usinijibu kwamba yamepita, maana najua ndivyo utakavyotaka kuandika, wewe na wema wako. Hayajapita. Niambie ulivyoumia.

Nisalimie wifi sana, mwambie asipandishe boksi lolote ngazini mpaka mgongo wako upone. Wabusu watoto. Wenzangu wote chumbani wanakusalimu. Hawajui kitu, wao wanakuona mtu mkubwa sasa, na mshonaji wa dirishani ameniomba nikuulize yule mwanamke aliyeimba ni nani na yuko wapi siku hizi. Nami nina swali langu moja. Mama aliwahi kuisikiliza kaseti hiyo hata mara moja, na wewe ukiwepo, yeye akausikia mguu wake humo? Kama ndiyo, niandikie upesi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.